Jeti Chini ya Ulimi

Juu ya Koitezek, kabla jua halijaamua,
Uazi yetu ilikohoa kama mbuzi aliyemeza sufu,
ikatema moshi mweusi ti, ikazima.
Nyuma ya bomba theluji ilibaki na doa
refu, kama wino uliomwagwa na mtu mwenye hasira.

Mume wangu Jengish ni mwalimu wa fizikia.
Alisema: hewa ya baridi ni nzito, Saykal,
na nzito hutaka petroli zaidi. Weka jeti kubwa.
Mimi ndiye dereva. Nikasema: huku juu hewa ni nyepesi,
nyepesi kama supu ya bahili,
injini inapewa mafuta ya kushiba
na pumzi ya kubahatisha. Weka ndogo.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake,
na ngoma yetu imekaa boneti wazi,
magunia kumi na mawili ya unga mgongoni,
jiko la chuma la binti yetu limefungwa kwa kamba juu,
na Murghab bado mbali.
Ubaya wa ugomvi ule: sote wawili tulikuwa na haki.
Mlima unapunguza, baridi inaongeza,
na kabureta iko katikati kama mtoto wa talaka.

Nikachomoa plagi. Plagi haina shahada,
haina leseni, haina mume wa kumridhisha.
Ikiwa nyeupe kama mfupa, injini ina njaa, inajila.
Ikiwa nyeusi, imevimbiwa.
Tunayoitafuta ni rangi ya shirchai
iliyosahaulika dirishani, maziwa yake yameshika ngozi.
Yetu ilikuwa sufuria ya arusi.

Jengish hakusema “ulikuwa sahihi.”
Alifungua kopo la peremende
ambamo jeti hulala zikiwa na namba zao.
Mimi nilitaka mia mbili na kumi,
yeye, kwa sababu ya baridi, mia mbili na ishirini.
Tukachukua mia mbili na kumi na tano,
ambayo hakuna aliyeipenda.

Lakini shaba kwenye baridi ile inang'ata vidole.
Basi akaitia kinywani, chini ya ulimi,
ipate joto wakati mimi nafungua kifuniko:
skrubu saba, ya sita imechakaa kichwa.
Na kwa mara ya kwanza tangu Alichur,
tangu harusi labda,
Jengish alinyamaza.

Nilifanya kazi polepole. Sikuona haya.
Nikalipuliza boya, nikafuta bakuli kwa shati lake la zamani,
nikanyoosha kiganja, akaitema jeti,
ina mate, ina joto, ndogo kama punje ya mtama
iliyotobolewa na mtu mwenye subira.
Nikaikaza. Choki nusu. Ufunguo.
Ikashika. Ikasitasita. Skrubu ya usailensa
nikairudisha robo mzunguko, nikasubiri,
nikaongeza kidogo, kiasi cha upana wa ukucha,
hadi mngurumo ukatulia kama ng'ombe aliyepata chumvi.

Akasema, “Nilihesabu mia mbili na kumi na nne.”

*

Mwezi wa sita tuliteremka Khorog.
Parachichi za milimani zimeiva, zile ndogo za njano,
joto limelalia barabara, mto unapiga kelele.
Nilikuwa naimba. Mlima unaposhuka
miguu husahau, mikono husahau,
na injini ikaanza kugonga, tik, tik,
kama mtu anayebisha mlango wa nyumba inayoungua.
Hewa nene, mafuta haba. Mshale wa joto juu.

Mpanda ngazi hushuka,
na akishuka na jeti ya kileleni, anatoboa pistoni.
Nikasimama kivulini. Sikumtazama.
Nilijua hotuba ilikuwa tayari,
na vielelezo, na mchoro mavumbini.

Jengish akashika shavu lake la kushoto,
akatema kiganjani mwake ile kubwa,
mia mbili ishirini na tano.

Joto lilikuwa nyuzi thelathini na tatu.
Haikuhitaji kupashwa moto na ulimi wa mtu.
Sikumuuliza ameiweka humo tangu kilomita ipi.
Nikachukua bisibisi.