Pahali Tambarare

Kabale hakuna pahali tambarare.
Ndiyo maana fundi Kyarisiima
alinipandisha hadi uwanja wa mpira wa misheni,
akafukuza mbuzi wawili golini,
akasema: Simamisha hapa. Usizime.

Miaka minane niliendesha gia za mkono,
mguu wa kushoto ukiijua kazi yake.
Nilipoinunua hii Premio, ya kijivu, mkono wa tatu,
nikaustaafisha mguu.
Maji nilitia. Oili ya injini nilibadili.
Gia? Zinajibadili zenyewe, nilisema,
kama mwanamume anayedhani chakula hujipika.

Sasa lilikuwa linasita.
Kwenye mlima wa Rugarama, magunia matatu ya viazi nyuma,
injini inapiga kelele, magurudumu yanatafakari,
halafu ngu! teke la mgongoni.
Abiria mmoja aliniuliza kama nimegonga mbwa.

Akachomoa kijiti.
Akakifuta kwa kipande cha fulana ya uchaguzi uliopita,
akakirudisha, akakichomoa tena.
Njiani alikuwa ameniambia: nyekundu, ya kupenya mwanga.
Ilitoka rangi ya chai iliyolala.
Akaninusisha.
Karanga zilizosahauliwa kikaangoni.

"Haya si mafuta ya kulainisha tu.
Injini inayasukuma mafuta, mafuta yanalisukuma gari.
Yakichoka yenyewe, atasukuma nani?"

Halafu akaanza kuniuliza kama padri:
Ukishuka kwenda Katuna, unaweka N uteleze bure?
Naweka.
Ukirudi nyuma, unavuta D kabla gari halijasimama?
Mara nyingine.
Mara nyingine ngapi?
Nikatazama mbuzi.
Na usiku, pale kwako mtelemkoni,
unaacha P peke yake, bila breki ya mkono?
"Humo ndani mna kipini kama kidole chako cha gumba.
Umekitundikia gari zima. Kila usiku.
Wewe ungelala?"

Kesho yake, gerejini nyuma ya soko,
alifungua sahani ya chini.
Sumaku ilikuwa imeota manyoya,
laini, meusi, ya chuma.
Akayapangusa kwa kidole, akanipaka kiganjani:
"Shika. Safari zako hizo."

Hatukubadili yote kwa mkupuo.
Lita tatu siku ile, tatu baada ya wiki mbili,
maana gia iliyozoea uchafu, alisema,
ukiiogesha ghafla inaweza kususa.
Nililipa kwa awamu vilevile.

Siku hizi, kati ya R na D,
nakanyaga breki, navuta pumzi moja nzima.
Wenye haraka nyuma yangu wanapiga honi.
Wapige.
Nikishuka Katuna naweka 2, injini inanguruma,
inanishika shati kwa nyuma.

Na Jumapili moja kila mwezi,
kabla vijana hawajaja na mpira wao,
napanda uwanjani, gari likiwa na joto,
nachomoa kijiti, nakiinua kwenye jua.
Mbuzi wamenizoea. Hawahami tena golini.