Shingo Inaongea

Miaka mitatu nilikuwa Kiberiti77,
jina lisilo na pua wala kwapa.
Usiku, Tabata Kimanga, feni ikilia kama mbuzi,
nilicheza meza nne kwa pamoja kwenye kioo kilichopasuka,
kidole gumba kikimla mtu wa nchi
nisiyojua huko ni saa ngapi.
Mashindano yana sheria moja:
waingie mia tisa, abaki mmoja.
Ukifa, umekufa. Unazima data, unalala.
Mara moja nilishika nafasi ya tatu.
Mara moja bando liliisha nikiwa wa sita,
nikakimbilia dirishani kwa Mangi na taulo kiunoni;
niliporudi, kete zangu zilikuwa zimeliwa na saa.

Leo niko Upanga, ghorofa ya pili,
zulia jekundu lenye harufu ya sigara za jana.
Mlinzi amenipekua kama naingia benki.
Nimetoa laki tatu kwenye soksi
(ni nusu ya kodi ya miezi sita, mwenye nyumba asisikie),
nikapewa vibao vya plastiki.
Wanaviita chipsi.
Nimecheka peke yangu, nikatafuta mayai.

Sekela anagawa. Kucha za zambarau.
Anachanga karata taratibu, na mimi
niliyezoea mikono mia kwa saa
nangoja, nangoja, kama niko foleni ya leseni,
na katika kungoja huko naona watu:
Bwana Virani, muuza vigae, hukohoa akipata jozi;
dalali wa magari hupanga kete kwa rangi, akazibomoa, akapanga;
Mama Kiwelu, mtoa mizigo bandarini,
kanga begani juu ya suti,
hasemi, anatafuna karafuu.

Kete moja hapa ni elfu tano.
Si alama. Elfu tano.
Kilo moja na nusu ya mchele, na kiberiti.

Saa sita na ushee wakaja wazungu wa nne, wawili,
wa shupaza na wa kopa.
Kule ningebonyeza: zote, bila kupumua.
Hapa nikasukuma kwa mkono,
na mkono ukawa wa mtu,
una jasho, una kovu la jiko la mchina.
Mezani ikashuka ree ya uru.
Mama Kiwelu akaweka laki na nusu
polepole, kama anayemvisha mtoto kofia,
kisha akanitazama, si machoni, chini kidogo.
"Mwanangu," akasema, "shingo yako inaongea."

Miaka mitatu mshipa huu ulidunda gizani
na hakuna aliyeusikia.

Nikatupa.
Wazungu wangu wakaenda kifudifudi.
Naye akazitelezesha zake kwa Sekela, kifudifudi vilevile.
"Ulikuwa na ree?"
"Kuona ni kwa kulipa."
Meza yote ikacheka. Bwana Virani akakohoa bure.

Lililonitisha si hilo.
Lililonitisha ni kwamba sikufa.
Kiti bado changu, na laki moja na themanini mbele yangu.
Hakuna wa sita, hakuna wa tatu,
hakuna kengele.
Meza hii ilikuwepo kabla yangu, na Jumatano itakuwepo.
Kuondoka ni kazi yangu mwenyewe,
na sikuwahi kujifunza kuinuka
kabla ya kutolewa.

Nikahesabu hadi kumi. Nikacheza mikono miwili.
Nikahesabu tena.
Goti la kushoto likatangulia, la kulia likabishana.

Nje, kwenye kona, kijana alikuwa anazima jiko.
"Chipsi mayai," nikasema.
"Za mwisho hizi, braza. Elfu tatu."
Nikampa elfu kumi. Nikahesabu chenji mara mbili.
Akanitazama shingoni,
au nilidhani.
Nikafunga kifungo cha juu.