Kioo ni Kilekile

Nilipanda Kadutu na daftari mfukoni.
Si la karatasi; la karatasi lililowa mwezi wa pili,
bati lilipotoboka juu ya kitanda.
Nasema lile lililo ndani ya simu:
majina ishirini na matatu ya likelemba yetu,
wauza sambaza, wauza makala, mshonaji mmoja,
na mbele ya kila jina, kiasi chake.

Ila jina na kiasi havikuonekana pamoja.
Nikimwona Nsimire, sioni alicholeta.
Nikivuta kioo nione dola tano,
Nsimire ameshatoka mlangoni
na mimi nimebaki na pesa isiyo na mwenyewe.
Ndivyo tulivyogombana, yeye na mimi,
mbele ya beseni za watu.

"Nunua tableti," alisema shemeji,
kana kwamba tableti zinaota
kando ya mifereji ya Nyamugo.

Mugisho ana meza ya miguu mitatu;
wa nne ni jiwe.
Alifuta simu kwa tumbo la shati,
akashuka nayo mahali nisipowahi kufika,
chini kabisa ya mipangilio,
ambako imeandikwa namba ya kuzaliwa kwake.
"Gusa mara saba. Wewe mwenyewe."
Nikagusa kwa kidole chenye harufu ya samaki.
Ya tano, ya sita.
Ya saba, simu ikatangaza
kwamba sasa mimi ni mtaalamu wa kuunda programu.
Mimi, niliyeacha shule darasa la tano
kwa kukosa sare.
Nikamwomba asome tena.
Akasoma tena.

Kisha akafuta mia tatu na sitini,
akaandika mia sita.
Kioo kikawa cheusi. Moyo ukaniruka.
Kikarudi.

Herufi zilikuwa sambaza walioanikwa mkekani,
wadogo, wengi, kila mmoja na jicho lake.
Majina upande huu, pesa upande ule,
vikitazamana kama wakwe siku ya mahari.
Hata kibodi ilipasuka katikati,
nusu kwa gumba la kushoto, nusu kwa la kulia.

"Kimeongezeka?"
"Hapana, mama. Kioo ni kilekile.
Tumeiambia tu simu kwamba ni kubwa,
nayo imekubali."

Nikageuka kuutazama mteremko.
Pale, chini ya mlingoti ulioinama, ni kiwanja cha baba,
mita kumi kwa kumi na tano.
Alipokufa tulikigawa mara nne.
Kaka mkubwa akakata chake mara mbili, akauza nusu;
aliyenunua akapangisha kibaraza.
Leo mlango wa huyu unagonga ukuta wa yule,
na sufuria ya jirani naijua kwa mfuniko wake.
Hakuna aliyekuja kutuongezea udongo.
Inayokuja ni mvua,
nayo kazi yake ni kupunguza.

Basi hesabu hii niliijua kabla ya simu.
Kinachobanwa hakipotei, kinahama:
kinaingia mgongoni,
kinaingia jichoni.

Usiku ule umeme haukuja.
Nilisoma likelemba yote bila kuvuta,
juu mpaka chini, kichwa kikiniuma juu ya nyusi,
simu puani kama mtu anayenusa mboga za jana.
Nsimire hakuwa na deni.
Deni lilikuwa mstari wa kumi na tisa,
majuma mawili, dola kumi,
limekaa kila siku nje kidogo ya ukingo,
na jina lililosimama mbele yake
lilikuwa langu.

Asubuhi nilimpelekea mkononi, kabla beseni hazijafunuliwa.
Alihesabu polepole, mara mbili,
na haki yake.

Mugisho alisema macho yakichoka nirudi,
atanirudishia mia tatu na sitini bila malipo.
Sijarudi.
Nimeazima miwani ya shemeji,
yenye mkono mmoja na uzi.