Mchezaji Atakayetajwa Baadaye

Nafua jezi na suruali za vijana wa Kambare,
huu msimu wa kumi na tisa, chini ya jukwaa la mbao,
katika mji wa Iowa ambao treni huupita bila kusimama.
Simjui mchezaji kwa uso. Namjua kwa doa.
Wilfrin huserereka kwa nyonga ya kulia.
Cade kwa kifua, kama mtu aliyesukumwa.
Thayer hutafuna kola.
Adony harudi na tope kamwe, na hilo nalo lina maana yake.
Wanne,
na wote walinzi wa mahali pamoja,
kati ya kituo cha pili na cha tatu,
panapotosha miguu miwili tu.

Huko mjini timu kubwa ina mapengo
kama mdomo wa mtoto wa miaka saba.
Mdakaji wao alivunjika kidole gumba mwezi Juni,
na kila jioni redio yangu hukililia kidole kile
utadhani ni cha mfalme.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema wenye timu.
Sawa.
Mimi huuliza tu udongo umechimbwa wapi.

Tarehe thelathini Julai, zamu ya sita,
Wilfrin ameinama uwanjani, mikono magotini,
kocha akatoka, akamgusa bega.
Hakuwa ameumia. Alitembea vizuri mno.
Kibandani wakaanza kumkumbatia mmoja mmoja,
na mashabiki mia nne wenye soseji mikononi
wakaelewa kabla yake.
Ana miaka ishirini na mmoja. Mama yake, kule Baní,
alikuwa amejifunza kutamka Iowa juma lile lile.

Akiba haiozi, watu husema.
Akiba hii ina magoti, ina deni la gari,
ina samaki mwekundu kwenye chupa ya achari
ambaye niliachiwa mimi, pamoja na maelekezo:
chembe tatu asubuhi, usimwonee huruma.

Biashara yenyewe ilitosha sentensi moja redioni:
Wilfrin, na mchezaji atakayetajwa baadaye,
kwa mdakaji wa miaka thelathini na minne
ambaye magoti yake hulia kama bawaba.
Wiki tisa atawadakia, kisha astaafu akavue samaki.
Nilikuwa nakunja taulo. Nikarudia maneno yale:
atakayetajwa baadaye.
Kwa hiyo yupo. Yuko hapa. Taulo lake ni mojawapo ya haya.

Cade alicheka wiki nzima, na sikumlaumu.
Mlango uliofunguka haumuulizi mtu nani katoka.
Jezi zake zilikuja na tope mbele na nyuma;
usiku mmoja akaupiga mpira ukavuka ukuta,
ukatua kwenye behewa la makaa ya mawe,
ukaenda nalo, Mungu ajua wapi.
Akaja kuniuliza kama naweza kumfulia glavu.
Glavu haifuliwi, nikamwambia, mwanangu.
Akacheka tena.

Tarehe kumi na tisa Agosti, baadaye ikafika.
Alikuja kufuata vitu vyake na mfuko wa plastiki
kama mtu anayekwenda dukani.
Jezi yake ilikuwa bado mashineni, inazunguka,
namba ikionekana, ikipotea, ikionekana.
Tulisubiri iishe. Dakika kumi na moja.
Hakuna aliyesema neno la maana.
Aliuliza samaki anaendeleaje.

Katika mchezo huu, pale unapoanzia panaitwa nyumbani,
bamba jeupe la pembe tano, kubwa kama sinia,
na hakuna unachohesabiwa mpaka urudi pale.
Nimelisikia hilo miaka yote bila kulisikia.

Alhamisi namba zao zilivaliwa na watoto wapya
ambao madoa yao bado sijayajua.
Mdakaji alikosa mipira mitatu, redio ikaanza kulia upya.
Na jana Adony alirudi na tope,
goti la kushoto, bichi, limeingia hadi kwenye uzi.
Nililisugua polepole.
Sikutaka litoke lote.