Ukurasa wa Saba

Kitabu kimoja, watoto themanini na wawili.
Darasa la Pili B, Kigogo, saa nne kasoro,
feni imekufa tangu muhula uliopita.
Nakiinua kama bango la mgombea,
nazunguka nacho; wa nyuma wamepanda madawati:
"Mwalimu, hatuoni! Mwalimu, shusha!"

Ni ngano ya siku hizi.
Binti mfalme kavaa buti za mpira,
hataki mchumba, anataka koleo.
Mvua imeshuka, jumba limejaa,
anachimba mtaro usiku kucha
na asubuhi jumba limekauka kau.
Wanapiga makofi. Nami pia, kila mwaka.

Kisha zimwi linakuja, linanguruma langoni.
Ubaoni nimeshagawa, WEMA huku, WABAYA kule,
chaki inangoja tu.

"Mwalimu, rudi nyuma."
Sikudhani,
asiyetofautisha bado b na d,
mwenye daftari lililovimba, kurasa zimegandana tangu Machi.
"Ukurasa wa saba. Hapo pembeni."

Nimekisoma hadi maneno yamenikaa kichwani.
Pembeni sijawahi kupaangalia.
Kijumba, kidogo kama punje ya choroko,
godoro juu ya bati,
sufuria inaelea,
na zimwi, na kucha zake zote, limebeba mwana begani.

"Yameingia kwao," anasema,
kama mtu anayetaja bei ya nyanya.
Yameingia. Hakusema nini.
Wenzake wa bondeni hawakuuliza nini.

Halafu Pazi, andazi mdomoni:
"Ule mtaro wa binti, mwisho wake wapi?"

Nikafunua wa nane, wa tisa.
Maandishi kimya.
Aliyechora alikuwa ameshasema.

"Binti hakujua!"
"Si angeuliza!"
"Na zimwi nalo lingebisha hodi, siyo kunguruma."
"Wewe ulibisha hodi kwa nani, yalipokufika kiunoni?"

Kengele. Safu mbili ubaoni, tupu.
Mwalimu mkuu alichungulia dirishani,
akaandika kitu, akaenda zake.

Pazi aliomba kukishika, kidogo tu.
Kiliporudi kilikuwa na doa la mafuta
palepale, juu ya paa la zimwi,
karatasi imelainika, inapitisha mwanga;
ukiielekeza dirishani
unaona upande wa pili,
buti za binti,
zimesimama ndani ya nyumba ile.