Namba Arobaini

Jana tumesoma hitma ya arobaini.
Leo nimesimama dukani kwa Twalibu,
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
naulizwa namba.

Namba gani? Mimi najua namba ya gari.
Najua ya simu ya marehemu, sijaifuta bado.
Twalibu akanyoosha mkono rafu ya juu,
akashusha galoni la dhahabu, akalifuta vumbi kwa kiwiko.
"Sintetiki hii, dada. Tano kwa thelathini.
Nyepesi kama maji ya dafu.
Gari la mzee unaliheshimu, huliheshimu?"

Nikaliheshimu.
Heshima ilikuwa elfu tisini.

Chumbageni, uani kwa fundi Zamoyoni,
Pijo limepandishwa juu ya magogo ya mwarobaini.
Kwanza niliona miguu tu, na kandambili moja.
Kisha akatoka mzima, kanga kiunoni juu ya ovaroli,
akafungua galoni langu bila kuniuliza,
akachovya kidole, akakisugua na gumba
kama mtu anayehesabu noti gizani.
"Rudisha."

Nikabisha. Nikataja bei.
Nikasema hii ni oili ya magari ya wakubwa.
Nikasema baba yangu kaishi na mashati matatu,
angalau gari lake linywe kizuri.

Hakucheka.
"Injini hii imepanda Mombo mpaka Soni hujaota meno.
Ringi zimelegea. Nafasi zimekuwa pana.
Na joto letu hili unalijua.
Hiyo yako itapita kama mgeni msibani:
inaingia, inatoa pole, inatokea mlango wa nyuma,
na moshi wa buluu utakufuata mpaka Pongwe.
Nzuri, sikatai.
Nzuri ya nani?"

Akafungua kidroo cha dashibodi.
Stika za bima, kitana, pipi ya kifua iliyoganda,
na daftari la hesabu, la miraba.
Mwandiko wa baba, umeinama kama mtu apandaye mlima:
kilometa, tarehe, 40.
Kilometa, tarehe, 40.
Kurasa saba hivyo.
Mahali pamoja tu: *Nimejaribu 30. Imekataa.*
Na chini yake, kwa kalamu nyingine:
*Zamoyoni kanicheka.*

Mstari wa mwisho una kilometa.
Tarehe hakuiweka.

Nikarudi Ngamiani kwa miguu, saa saba ya mchana,
lami inanasa viatu.
Siku za mwizi zina hesabu yake,
za maiti zina hesabu yake,
kumbe na injini nayo.
"Limefunguliwa," Twalibu akasema, akilisukuma galoni kwangu.
Kweli, lilikuwa limefunguliwa.
Nikanunua arobaini kwa pesa ya mchele,
kopo jeusi, bila mapambo, zito mkononi kama mtoto aliyelala.

Lile la dhahabu nimempa mwalimu Kilua.
Gari lake la juzi, injini bado inabana,
linalinywa bila moshi, na yeye ananiombea dua.

Oili chafu ilishuka ndani ya beseni polepole,
nyeusi, miezi ya mwisho ya baba yote imo humo:
safari ya hospitali, safari ya kurudi,
ile ya Muheza kununua machungwa ambayo hakuyala.
Zamoyoni alitaka kuimwaga.
Mama akapiga simu, sijui nani alimwambia:
"Msimwage. Nguzo za banda la kuku zinaliwa na mchwa."

Nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena.
Imekaa kati ya alama mbili.
Nikaandika kilometa. Nikaandika tarehe. 40.
Mstari wa juu yake nimeuacha na pengo lake.

Nyumbani, mama alipaka kwa kipande cha ufagio,
mikono imemweusika mpaka kwenye bangili.
Nguzo ya kwanza aliipaka mara mbili.
"Harufu hii," akasema,
wala hakuendelea,
akahamia nguzo ya pili.