Upupu

Mvua ya kwanza, nyasi zilifika kifundoni.
Ya pili, gotini. Tukasema, watarudi.
Masika yalipokwisha, geti la Rwehumbiza
lilikuwa limemezwa hadi kwenye komeo,
na namba ya nyumba ikasomeka nusu,
kama jina la mtu
unayemkumbuka sura tu.

Hapa Tabata Kimanga kuta zetu zinagusana.
Ukikohoa, wa pili anakwambia pole.
Ukikaanga dagaa, mtaa mzima umekaanga.
Pori nalo lingejuaje mpaka?
Mizizi ilipita chini ya ukuta, ikainua vigae vya choo changu.
Kenge akahamia juu ya simtanki, akaota jua kama mpangaji aliyelipa.
Na upupu,
upupu ulisubiri upepo wa saa saba
ukashukia kamba ya kuanikia.
Jumatatu ile Shamte alivaa sare ya chekechea,
akaondoka akijikuna, akarudi akilia,
na mwalimu kaandika daftarini kwa wino mwekundu:
Mzazi, mwoshe mtoto.

Kisha mbu. Hawakupiga hodi.
Homa ilianzia kwa mama Tumsifu, ikaja kwangu,
ikaenda kwa fundi cherehani, ikageuka, ikarudi.
Tukaazimana panadoli
kama zamani tulivyoazimana chumvi.
Ni zile ndoo, tulisema, ndoo walizoacha uani.
Hakuna aliyekuwa ameziona hizo ndoo.

Nilikwenda serikali ya mtaa mara tatu.
Mtendaji aliandika. Ana mwandiko mzuri.
"Mwenye nyumba alishafariki, na warithi wana kesi."
Nikamuuliza: na nyasi je,
nazo zimeambiwa zisubiri hukumu?
Akacheka, akagonga muhuri.
Muhuri haufyeki.

Ndipo nikatafuta namba ya Desderia,
binti wa pili, yuko Mwanza.
Usiku kucha nilikuwa nimeyapanga maneno kama matofali:
kwamba nyumba si hati ya kufungia kabatini;
kwamba ua ni uso, na uso huoshwa
hata siku usiyotoka;
kwamba anayegombea urithi
agombee na magugu yake.
Nilimmwagia yote, sikupumua.
Akanyamaza, nikasikia feni ikizunguka huko aliko.
"Nitakuja Ijumaa," akasema.

Alikuja na vijana wawili,
miguuni gambuti za baba yake, zinampwaya.
Alianza mwenyewe, getini, kwa fyekeo.
Mimi nilipanda stuli, kidevu ukutani,
nikatazama kama hakimu.

Lilipolala pori, likatapika.
Godoro la nani sijui.
Ganda la televisheni, nikalitambua, la fundi cherehani.
Beseni la mama Tumsifu, lile alilosema limeibwa, limetoboka.
Na upande huu, chini ya kidevu changu hasa,
kilima.

Mimi ni mpika wali wa nazi.
Nazi nne kila alfajiri, tano siku za sikukuu,
na mkono wangu ulijua njia bila kuniuliza:
kuna, kamua, rusha.
Ukuta ulikuwa karibu, gari la taka lilikuwa mbali,
na pale palikuwa pori tu, si pa mtu.
Vifuu mamia. Vimelala chali kama bakuli za harusini,
kila kimoja kimekinga mvua yake,
na ndani ya kila maji
viluwiluwi, wanacheza.

Desderia aliinama, akaokota kimoja.
Akakiinamisha polepole, maji yakamwagika kwenye gambuti ya baba yake.
Akanyanyua macho, akaniona.
Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Nilishuka kwenye stuli.
Nikachukua reki na magunia mawili ya mchele,
nikazunguka hadi barabarani,
nikabisha hodi kwenye geti lililo wazi.
"Karibu," akasema, "kuna siafu hapo, angalia."

Tulianza na vifuu.
Jua lilikuwa limeshapinda nilipoinua kichwa
na kuuona ukuta wangu kwa upande wa pili.
Miaka kumi na moja nimeishi nao.
Sikujua kwamba kwake
umepakwa bluu.